Mguu wa mvuvi wa Kibirizi: dawa mpya ya staf ingemkuta wapi?

Alifika kwetu siku za mbalamwezi, zile ambazo wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, hawaingii ziwani kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi. Ndiyo nafasi aliyoipata ya kushughulikia mguu. Kijana wa miaka 31, mabega mapana, ameegemea bega la mama yake, suruali imekunjwa mpaka gotini. Kwenye muundi palikuwa na tundu dogo linalotoa usaha mwepesi, na pembeni yake makovu mawili ya majipu ya zamani. Alisema maumivu humzidi usiku. Daktari wa zamu akabonyeza mfupa taratibu, kijana akauma kola ya shati lake.

Mama alikuwa na kitu ambacho mimi kama mfamasia sikitegemei kwa mgonjwa: kumbukumbu kamili. Alifungua fundo la khanga akamwaga mezani maganda matupu ya vidonge na vichupa vitatu vya sindano vyenye vizibo vya mpira. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mtoto amekunywa dawa mpaka duka limeisha."

Nimebadilisha mambo machache ili familia hii isitambulike. Ya dawa na ya vimelea nimeyaacha yalivyokuwa, kwa sababu hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame. Kila miezi michache hutoka habari kwamba watafiti wa nchi fulani wamepata dawa mpya inayoua staf sugu (staf ni bakteria Staphylococcus aureus, anayekaa kwenye ngozi na pua na kuleta majipu), na watu hunitumia habari hizo kwenye simu wakifurahi. Mimi nami hufurahi. Kisha namkumbuka huyu kijana na kujiuliza: katika safari yake ya miezi mitatu na nusu, dawa hiyo mpya ingemkuta wapi?

Nilipanga yale maganda mezani kufuata mpangilio aliokuwa anaukumbuka mama. Mwanzo ulikuwa mkwaruzo wa msumari kwenye ubavu wa mtumbwi. Baada ya siku nne ukawa jipu. Akanunua amoksilini, vidonge vya rangi mbili, kumi tu, kwa sababu fedha ya siku hiyo ilitosha hivyo. Jipu likapasuka lenyewe, akarudi kazini. Likaota jingine, akapewa ampikloksi. Wiki mbili baadaye homa ikapanda, akachomwa seftriaksoni kwenye zahanati kwa siku tatu, homa ikashuka, akaondoka. Mwisho sipro, mara mbili, maduka mawili tofauti. Katika muda wote huo hakuna aliyelipasua jipu likasafishwa, wala hakuna aliyechukua usaha ukapelekwa maabara.

Sina nia ya kumlaumu muuza dawa yeyote. Aliyesimama nyuma ya kaunta hana darubini, na mteja mbele yake ana homa na shilingi elfu mbili. Lakini maganda yale yaliniumiza kwa sababu niliyaona kama yalivyo kikemia: amoksilini, ampikloksi na seftriaksoni ni ukoo mmoja, ukoo wa penisilini na ndugu zake wa karibu. Familia ilidhani imejaribu dawa tatu. Ilijaribu dawa moja mara tatu, kila mara kwa bei kubwa zaidi.

Kijana aliniuliza kwa nini sindano nayo ilishindwa, maana kwetu sindano ndiyo mwisho wa maneno. Nikamweleza kwa kazi yake. Staf imejifunika ukuta uliosukwa kama wavu: nyuzi ndefu, na mafundo yanayozifunga nyuzi pamoja. Staf inapokua inasuka wavu mpya, na kuna vimeng'enya vinavyofunga yale mafundo, kama sindano ya kushonea nyavu. Penisilini na ndugu zake wote hufanya kazi moja, hunasa kwenye hiyo sindano isifunge tena. Wavu unabaki na matundu, kimelea kinapasuka. Sasa staf sugu imepata jeni inayoitwa mecA, na jeni hiyo inaipa sindano ya pili, ya umbo jingine, ambayo penisilini haiwezi kuinasa. Ya kwanza ikikwama, ya pili inaendelea kushona. "Kwa hiyo mlikuwa mnaikamata sindano ambayo haitumiki," akasema. Sijawahi kumsikia mwanafunzi akilisema vizuri zaidi.

Jambo hili si geni hata kidogo. Penisilini yenyewe iligunduliwa mwaka 1928 London kwenye sahani ya staf, Alexander Fleming alipoona ukungu umeingia na staf zilizouzunguka zimeyeyuka. Staf zikajifunza kuivunja. Wakemia wa Uingereza wakatengeneza metisilini, isiyovunjika, ikaanza kutumika karibu na mwaka 1960. Mwaka 1961 Patricia Jevons akaripoti huko huko Uingereza staf zisizoijali. Metisilini haitumiki tena, lakini jina lake limebaki kwenye kifupisho cha MRSA, yaani staf sugu kwa metisilini, tunachoandika kwenye vyeti vya maabara. Na kuna jambo moja lililonishangaza nilipolisoma: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kalunguyeye wa Ulaya walikuwa wamebeba aina mojawapo ya staf hizi tangu zamani, kabla binadamu hajameza penisilini hata moja, kwa sababu ukungu wa kwenye ngozi zao hutoa kemikali za aina hiyo. Usugu ulikuwepo. Sisi tuliufungulia mlango wa hospitali.

Daktari wa upasuaji alimwingiza chumbani siku ya tatu. Alitoa kipande cha mfupa mfu kirefu kama kidole cha shahada, cheupe, kikavu, kama kipande cha chaki kilichosahauliwa juani. Mfupa wa namna hiyo hauna damu, na pasipo damu dawa haifiki, iwe ya zamani au ya kesho. Kuna watu husubiri dawa mpya ya kuondoa haja ya kisu. Kwa mfupa uliokufa haitakuja.

Vipande vidogo vilipelekwa maabara, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo kisa kilipogeuka. Mwenzangu wa maabara aliniita asubuhi ya pili. Kwenye darubini zilikuwa duara ndogo za zambarau zilizoshikamana vichalavichala. Alexander Ogston, daktari wa Scotland, ndiye aliyeziita hivyo mwaka 1882, kwa neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Kwenye sahani ya damu zilikuwa zimeota madoa ya mviringo, laini, ya manjano ya dhahabu, na dhahabu ndiyo maana ya jina lake la pili. Nzuri kutazama. Kesho yake tukasoma sahani ya usugu, ile yenye diski za karatasi zilizolowekwa dawa; dawa inayofaa huacha duara tupu kuizunguka diski yake. Kwenye diski ya sefoksitini, inayotumika siku hizi badala ya metisilini, hapakuwa na duara lolote tupu. Vimelea viliota mpaka ukingoni mwa karatasi. Septrini, hivyo hivyo. Sipro, hivyo hivyo. Kwenye klindamaisini palikuwa na duara zuri, na mtu mwenye haraka angeandika "inafaa". Lakini upande ulioelekea diski ya erithromaisini duara lilikuwa limebonyea, limekuwa bapa kama herufi D. Maana yake staf hiyo inajifanya mnyonge; ukimpa mgonjwa klindamaisini kwa wiki kadhaa, inaamka. Mwenzangu aliizungusha sahani dirishani mara mbili, kisha akaandika "haifai". Nadhani herufi ile moja ilimwokoa kijana miezi mingine miwili ya kutangatanga.

Zilizobaki zilikuwa kloramfeniko, vankomaisini na linezolidi. Kloramfeniko kwa wiki sita huhatarisha uboho, hatukutaka. Basi vankomaisini.

Vankomaisini ni ya zamani. Ilitokana na udongo wa Borneo, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1958, halafu kwa miaka mingi ikakaa pembeni kwa kuwa zilikuwepo dawa rahisi zaidi. Katika mfano wetu wa wavu, yenyewe haishughuliki na sindano. Inafunika ncha ya uzi ili fundo lisipate pa kushika, kwa hiyo idadi ya sindano haina maana tena. Akili kubwa. Tatizo lake ni namna inavyotolewa. Lazima iingie kwa dripu, polepole, saa nzima au zaidi kwa kila dozi, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Ukiharakisha, mgonjwa anakuwa mwekundu na kuwashwa mwili mzima. Figo lazima zipimwe, na kipimo cha kiasi cha dawa ndani ya damu ndicho kinachoongoza dozi. Kipimo hicho hatukuwa nacho. Dawa yenyewe haikuwepo mjini. Ndugu walichanga, vichupa 20 vikanunuliwa Dar es Salaam, vikafika. Hizo ni siku kumi.

Siku ya nane kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ilikuwa imepanda mara mbili ya ile ya mwanzo. Daktari alisimama kitandani na karatasi mkononi muda mrefu. Bila kujua kiasi kilichoko kwenye damu ungepunguza vipi? Tuliisimamisha. Vichupa vinne vikabaki kwenye friji, na mfupa ulikuwa haujapona.

Linezolidi ikabaki peke yake. Hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, ya kwanza ya ukoo mpya kabisa: haigusi ukuta, inazuia mtambo wa kutengeneza protini tangu mwanzo wa kazi. Ukiimeza inaingia kwenye damu karibu yote, kana kwamba umechomwa. Kidonge kimoja cha miligramu 600 asubuhi, kimoja jioni. Nami nilikuwa nikijua mahali ilipo. Linezolidi ni mojawapo ya dawa nne katika tiba ya miezi sita ya kifua kikuu sugu ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022, na makopo yake yalikuwa kwenye kabati la kitengo cha TB, mwendo wa dakika mbili kutoka wodini kwetu. Kila kopo lilikuwa na mgonjwa wake. Kuchukua moja ni kumkatia dozi mtu anayekohoa, naye angetengeneza usugu mwingine wa kuambukiza kijiji kizima. Mwenzangu wa TB aliniangalia kwa huruma, akafunga kabati, na alikuwa sahihi kabisa. Lakini mama wa mgonjwa alipouliza, "Mwanangu, dawa ipo au haipo?" nilikosa sentensi ya kumjibu.

Waliuza mashine ya mtumbwi. Vidonge 84 vikaja kwa awamu mbili. Wiki sita nyumbani, si wodini, akija kila Jumatatu kupimwa picha nzima ya damu, kwa sababu linezolidi ikizidi wiki mbili huanza kuukandamiza uboho, na ikienda miezi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na ya macho. Wiki ya nne chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilishuka tukaingiwa na hofu, tukapima tena baada ya siku tatu, zikawa zimetulia.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Dawa mpya ingemkuta wapi?

Kwenye jipu la kwanza isingekuwa na kazi kubwa. Jipu lile lilihitaji kupasuliwa, kukamuliwa, kufungwa kwa shashi safi. Lakini hapa ndipo penye jambo linalonisumbua katika utengenezaji wa dawa za staf. Dawa nne mpya za MRSA zilizoruhusiwa Marekani kati ya mwaka 2014 na 2017, yaani dalbavansini, tedizolidi, oritavansini na delafloksasini, zote ziliingia sokoni kwa mlango wa maambukizi ya ngozi. Sababu si siri. Wagonjwa wa ngozi ni wengi, majaribio yanakwisha upesi, na kigezo kilichowekwa na wadhibiti wa Marekani mwaka 2013 kinaangalia kama wekundu wa ngozi umepungua kwa asilimia 20 ndani ya saa 48 hadi 72. Mfupa unataka umfuate mgonjwa mwaka mzima. Kampuni yenye deni haiwezi kungoja mwaka mzima kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo dawa zimethibitishwa kwanza mahali ambapo kisu kidogo kinafanya nusu ya kazi, na mtu mwenye mfupa unaooza anabaki akitibiwa kwa makisio. Hilo nadhani ni kosa, tena la mfumo mzima. Angalau limeanza kurekebishwa: mwaka 2024 seftobiproli iliruhusiwa Marekani kwa staf iliyoingia kwenye damu, ugonjwa mgumu kweli, na majaribio ya dalbavansini kwenye mifupa yamefanyika.

Hiyo dalbavansini naomba tuitazame kwa macho ya Kigoma. Ni ndugu wa vankomaisini, inafunika ncha ya uzi vile vile, ila wakemia waliiongezea mkia wa mafuta unaoifanya ikae mwilini wiki hadi wiki. Katika jaribio la mfupa lililochapishwa mwaka 2019 wagonjwa walipewa dozi mbili tu: siku ya kwanza na siku ya nane. Dripu ya nusu saa, mara mbili, basi. Ilibuniwa ikiwa na macho kwenye vitanda vya Marekani, ambako siku moja ya kulazwa ni fedha nyingi. Lakini nionyesheni mahali inapofaa kuliko kwa mvuvi ambaye kila siku ya wodini ni usiku mmoja bila dagaa, kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini, na kwa hospitali isiyo na kipimo cha vankomaisini. Kijana wangu angekuja siku mbili. Figo zake zingekuwa salama zaidi. Mashine ya mtumbwi ingekuwa bado inanguruma. Ila bei yake huko ilikotoka ni maelfu ya dola kwa tiba moja.

Nikisema hivi, mtu asidhani nawaona watengenezaji kama maadui. Kazi yao inaua kampuni. Melinta, iliyokuwa na oritavansini na delafloksasini mkononi, dawa mbili nzuri za staf sugu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Desemba 2019. Sababu iko kwenye kanuni ambayo mimi mwenyewe naisimamia kila siku dirishani: dawa mpya ifichwe, itolewe kwa nadra, kwa siku chache, ya zamani ikishindwa. Nani atakopesha fedha kwa bidhaa ambayo mteja ameapa kutoinunua? Uingereza imeanza kulipa baadhi ya antibayotiki kwa ada ya mwaka, sawa sawa itumike isitumike, kama tunavyolipia gari la zimamoto. Naona huo ndio mwelekeo wenye akili. Kinachobaki ni nani atalipa ada hiyo kwa ajili ya Kigoma.

Na yapo mengi yaliyoanguka njiani. Chanjo ya Merck dhidi ya staf ilisimamishwa mwaka 2011, ya Pfizer mwaka 2018. Eksebakasi, kimeng'enya cha virusi vinavyokula bakteria, kilichokuwa na matumaini makubwa, jaribio lake la mwisho lilisitishwa mwaka 2022 kwa kuwa hakikuongeza kitu. Upande mwingine ipo teiksobaktini, iliyotangazwa mwaka 2015 na watafiti wa Marekani waliootesha bakteria wa udongo ndani ya udongo wenyewe. Hii inakamata uzi ukiwa bado kwenye kibiringo, kabla ya kufika kwenye wavu. Na mwishoni mwa 2023 kikundi cha Massachusetts kilitumia akili mnemba kuchambua misombo milioni 12 kikapata aina mpya inayoua MRSA kwa panya. Kwa panya. Neno hilo hukatika kwenye habari zinazotumwa kwa simu, na kati yake na dirisha langu kuna miaka kumi au zaidi.

Kama ningeulizwa na mkemia mmoja wa hao anayeanza leo, ningemwomba kidonge. Mwaka 2019 jaribio la Uingereza lenye washiriki 1,054 lilionyesha kwamba kwa maambukizi ya mifupa na viungo, dawa za kumeza katika wiki sita za mwanzo hazikuwa duni kuliko za mshipa. Kwa hiyo si anasa ninayoomba. Kidonge kinachostahimili joto la bohari la Oktoba, kisichodai vipimo ambavyo hatuna, kisichokandamiza uboho wiki ya tatu, na kilichojaribiwa kwenye mfupa. Linezolidi imefika karibu na hapo, ndiyo maana imemponya. Warithi wake wajaribu kufika penyewe.

Kuna mambo ambayo sisi wenyewe tuliyafanya baadaye na hayakuhitaji mkemia. Tulipeleka usufi kwenye pua za watu wa nyumba ile. Watoto wawili walikuwa na staf ya sahani ile ile, usugu ule ule, na mmoja alikuwa na kijipu kwapani. Nyumba nzima ilikuwa inatumia taulo moja na wembe mmoja. Mama alichukua taulo lile siku hiyo hiyo akalichemsha kwenye sufuria ya mawese iliyozeeka, kila mtoto akapewa kipande chake cha khanga kilichokatwa.

Kijana sasa anatembea bila fimbo. Anachechemea kidogo asubuhi, kisha mguu unakaa sawa. Tundu limefunga, picha ya miezi mitatu inaonyesha mfupa mpya pembeni ya ule uliokatwa, ingawa daktari amemwambia waziwazi kwamba ugonjwa huu hurudi, na kwamba atamfuatilia mpaka mwaka upite. Anavua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine kwa sasa.

Mama yake alikuja wiki iliyopita na migebuka minne imefungwa kwenye gazeti. Akafungua fundo la khanga tena, akamwaga mezani maganda ya linezolidi, yote, akaniomba niyahesabu mbele yake ili niamini kwamba mtoto hakuruka hata kimoja. Nilihesabu. Matundu 84.